Maji ya Kijani Nyuma ya Madrasa

Ipo siku ya ujana wangu, mwanangu, ninayoikumbuka kila nikitawadha. Tulikuwa malishoni upande wa Tarbaj, na bwawa la mvua lilikuwa limegeuka kijani. Nikayakwepa maji yale, nikapiga mikono mchangani, nikatayamamu. Mwalimu wangu wa Qurani akaniona.

"Waryaa! Maji yamekukosea nini hata ukayanunia?"

"Machafu, maalim. Yana rangi."

"Rangi hiyo imeota humo humo, haiyatoi maji utohara wake. Ngamia wako wamekushinda elimu, wao wanakunywa! Njoo utawadhe."

Nikatawadha, uso umeniwaka.

Sasa sikia la juzi, hapa Garissa. Maji ya kuogea na kufulia ya madrasa ya bweni ya wasichana yalikuwa yakitiririka hadi milangoni mwa majirani, yakinuka. Majirani wakasema yasipokoma, wasichana warudishwe kwao. Hibo, binti wa ndugu yangu, aliyesomea mambo ya maji, akachimba nyuma ya madrasa mabirika mapana yenye kina kifupi, akayaelekeza maji yale humo, akapanda mwani mdogo mno, usioonekana mmoja mmoja kwa macho. Mabirika yakawa kijani tupu. Wazee wa kamati ya madrasa, wakidhani uchafu umezidi, wakaja na mkokoteni wa mchanga wayafukie.

"Adeer, ami yangu, waambie wangoje," Hibo akaniomba. "Mwani huu unakula ule uchafu."

"Tangu lini uchafu ukasafishwa kwa ukungu?" mzee mmoja akamcheka.

Nikawasihi wangoje. Nikakaa ukingoni, jua likapanda. Mara nikaona vipovu vidogo visivyo na idadi vikipanda kutoka ndani, kana kwamba maji yanavuta pumzi. Machozi yakanitoka. Kiumbe kisicho na mdomo kinalishwa jasho letu na sabuni yetu, kisha kinatoa hewa safi! Subhanallah.

Baada ya siku kadhaa mwani ulitulia chini, maji ya juu yakatoka meupe kwenda kwenye majani ya mbuzi. Jirani aliyelalamika kuliko wote akainama, akanusa.

"Wallahi mnanificha. Yale yenu mmeyamwaga wapi?"

"Ndiyo haya, mama," Hibo akajibu.

Ndani, wasichana walikuwa wakisoma kwa sauti. Hakuna aliyefunga sanduku lake.

Nakuusia, mwanangu: usikiite kitu uchafu kabla hujajua Mola amekipa kazi gani. Na ukijaliwa elimu, ipeleke kwanza panaponuka, ambapo wenzako hawataki kusimama. Mungu ayape macho yako mshangao usiochakaa, na akujalie uwe sababu ya mtoto wa mwenzio kubaki darasani. Amin.