Alama Kwenye Upanga wa Aizirek

Majirani hapa mjini Naryn wanasema Aizirek alimchoma kisu baba yake mdogo. Huo ni uongo. Mama yake, mwalimu Burulkan, alikuwepo.

Aizirek alikuwa anajifunza kuchora silaha za mchezo wa kompyuta, mraba mmoja mmoja, kila picha miraba kumi na sita kwa kumi na sita tu. Kwenye mpini wa upanga aliweka alama ya ukoo wao, ile wanayowachoma farasi wao kwa chuma cha moto. Mkia wa alama haukuenea, akaukata. Bila mkia ikawa alama ya ukoo uliomuua babu yake.

Temirbek, baba mdogo, alipoiona alichomoa mjeledi.

"Unawapamba wauaji wetu, mbwa we!"

"Baba mdogo, miraba iliniishia tu!"

Temirbek alimchapa usoni mara mbili, damu ikarukia kioo cha kompyuta. Alipoinua mkono tena, Burulkan alimponda kiwiko kwa birika la chuma, mfupa ukavunjika.

"Shemeji, huyu ni mwanangu, si farasi wako."

Polisi walipokuja, wameshasikia maneno ya majirani, walimuuliza Aizirek kisu kiko wapi. Burulkan akasimama mbele ya mwanawe.

"Hakuna kisu. Nimempiga mimi. Andikeni hivyo, sisemi zaidi."