Siku Nilipomhesabu Aliye Tumboni

Kijijini kwetu, enzi za utoto wangu, kuku walihesabiwa na magunia ya mihogo yalihesabiwa, watu, thubutu. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi, alijibu, "Niko na benye Mungu alinipa." Kambo, bibi yangu mzaa baba, ndiye aliyeulinda mwiko huo kama askari. Alisema anayehesabu watu anakionyesha kifo pa kuchagua.

Kutoka kwetu hadi barabara ya Kasomeno ulikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa baiskeli, tena kiangazi. Siku moja akaja bwana wa ofisini na daftari lake, baiskeli ameibeba zaidi ya alivyoipanda. Alieleza kwamba vijiji vyenye watu wengi vitatengenezewa njia, magari yaingie. Wanaume walifurahi. Kambo alinuna, akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia akina mama wapeleke watoto mashambani. Wakapelekwa.

Mimi nilibaki kwa sababu ya kidonda cha mguu. Yule bwana alinikuta barazani, peke yangu, akaniuliza kwa upole:

"Kwenu batoto muko bangapi?"

Nilikuwa na miaka minane, na shuleni nilikuwa nimejifunza namba kwa Kifaransa. Kiherehere kikanishika.

"Six," nikasema. "Na mwenye iko mu tumbo ya mama, sept."

Alicheka, akasema sita wataandikwa, wa saba, wa tumboni, haandikwi. Alipoondoka ndipo nilipokumbuka mwiko, na sikumwambia mtu.

Mvua zilipoanza, mama alishikwa na uchungu, mtoto ametanguliza miguu. Kijana alitumwa mbio kwa baiskeli kumwita mwenye lori Kasomeno, akarudi peke yake: njia yetu haipitiki. Haikuwa imeguswa, kwa kuwa daftarini tulionekana wachache mno. Wanaume wakambeba mama kwa tipoyi, blanketi lililofungwa kwenye miti miwili, wakishindana na matope kutwa nzima hadi hospitalini. Mama alirudi baada ya wiki mbili, amekonda lakini mzima. Mtoto, msichana, alizikwa hukohuko.

Nililia mpaka majirani wakanionea huruma. Hawakujua kwamba nililia kwa woga. Nilimjua aliyemuua mdogo wangu, na nililala naye kila siku, ndani ya ngozi yangu mwenyewe.

Nilikua, nikasoma, nikaolewa Lubumbashi. Kambo alipozeeka nilimchukua akae kwangu. Mchana mmoja tulikuwa tunamenya karanga, akaanza kusema bila kuinua uso.

"Ule mutoto ya mama yako, ni miye nilimuuaka. Nilificha batoto ya mugini, ule bwana akaandika tuko kidogo. Njia haikukuya."

Miaka yote hiyo, na yeye pia.

"Hapana, Kambo. Ni miye. Nilimuhesabu akiwa mu tumbo. Nilisema sept."

Nilingoja anikaripie, na kusema kweli nilitaka anikaripie. Aliinua uso.

"Ulimuhesabu?"

"Ndiyo, Kambo."

"Basi kuko muntu moya alimuhesabu," akasema. Tukalia wote wawili, karanga zikamwagika.

Kwamba aliyemuua ni matope, pamoja na wakubwa waliongoja kijiji kiwe kikubwa ndipo wakione, hilo nilikuwa nimelijua zamani. Elimu ilinipa maelezo yake vizuri sana, na haikunipunguzia hata chembe ya mzigo. Maneno ya Kambo ndiyo yaliyonipunguzia. Njia ya kwetu mpaka leo ni ileile, nayo bado inanikasirisha.

Mwaka wa mwisho wa Kambo, jirani mmoja alikuja kutusalimu, akaniuliza kwetu tulizaliwa wangapi. Kwa mazoea nikajibu sita. Kambo, ambaye maishani mwake hakuwahi kumhesabu mtu, aliinua kichwa mkekani.

"Saba," akasema.