Sukari ya Msiba wa Rusozi

Nakumbuka Jumapili moja ya mvua pale Kasulu, siku niliyomuua Rusozi huku nikicheka. Nakueleza mapema, mwanangu, usije ukaita polisi: Rusozi alikuwa mtu wa kwenye karatasi. Lakini mwenye karatasi alikuwa mtu wa nyama na damu, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Nimesikia kwamba nawe sasa una meza yako ya mchezo. Unawasimulia wenzako safari, wanarusha dadu, na wiki iliyopita mhusika wa rafiki yako alikufa, na rafiki mwenyewe hajarudi tangu hapo. Umeniuliza ulikosea wapi. Kwa makosa ya namna hiyo umekuja kwa bingwa.

Wakati huo nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nafundisha historia, na niliamini kwamba kati ya Kibondo na Kasulu hakuna aliyesoma kunizidi. Kule chuoni nilikuwa nimejifunza mchezo huu kwa mwanafunzi mmoja wa kigeni: msimulizi anaeleza dunia, kila mchezaji anaunda mhusika wake, anaandika nguvu na mali zake kwenye karatasi na kumwendesha, na dadu inaamua pale maneno yanaposhindwa. Alipoondoka aliniachia dadu moja ya pande ishirini. Nyingine tulizifidia kwa vikaratasi vyenye namba ndani ya kopo la maziwa.

Wachezaji wangu walikuwa watatu. Mzee Filimoni alikuwa katekista mstaafu kutoka Murungu, ambako alikuwa ameongoza mazishi ya karibu nusu ya kata. Mhusika wake alikuwa mwizi, na aliiba kwa raha iliyonitia wasiwasi. Esperansi alikuwa Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkalimani, aliyekuwa akipata kibali cha kuja mjini. Wa tatu, Zuberi, aliuza vitenge katika duka la mjomba wake; walikuwa watu wenye asili ya Tanga. Zuberi alikuwa mtu wa "ndiyo, mjomba". Akiitwa anakwenda, akitumwa anakimbia. Lakini Rusozi, mpiga upinde wake, hakuwahi kumwambia mtu ndiyo kama hakutaka. Kwa mwaka mzima Zuberi alikuwa akija kila Jumapili kuwa mtu huyo kwa saa tatu.

Siku hiyo walikuwa wamelishinda jitu. Baada ya vita wakafika kwenye kijito chenye daraja la mti mmoja. Zuberi akasema Rusozi anavuka kuchota maji. Nikamwambia arushe dadu, kwa mazoea tu. Ikaja moja, namba mbaya kuliko zote.

"Kateleza, kapiga kichwa kwenye jiwe, kafa," nikasema. "Mtu kashinda jitu, kauawa na kijito." Nikacheka. "Haya, wengine mnafanya nini?"

Zuberi akaikunja karatasi yake mara nne. "Mimi natangulia. Kuna mzigo unashuka dukani."

Jumapili hapakuwa na mzigo. Sote tulijua. Akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Nikaendelea kueleza mlango wa pango ulioandikwa maandishi ya kale, maana nilikuwa nimeuandaa juma zima.

"Mwizi wangu amekaa chini," akasema Mzee Filimoni.

"Na wa kwangu anaikala chini," akasema Esperansi. "Iko anapika maharagi."

Nikaona dharau. Nikasema, "Simba watatu wanatokea msituni."

"Waambie wakae nao," akasema mzee. "Kuna msiba."

Kisha akanigeukia, taratibu, kama mtu anayefungua kitabu cha sala. "Mwalimu, wewe ni Muha au Uha uliuacha chuoni? Kwetu mtu akifa, siku hiyo jembe halishikwi. Wewe umemuua mtu, maiti haijapoa, unatuuliza tunafanya nini. Tunafanya msiba."

"Mzee, huu ni mchezo."

"Ndiyo. Ndiyo maana hatukupigi."

Akaniamuru Jumapili ijayo nisome wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, aliishi vipi, alikufaje. "Nimezika miaka mingi. Sijamfukia mtu asiye na wasifu."

Nikakaa na kalamu. Nikaandika: Marehemu alikuwa na nguvu kumi na sita na mishale tisa. Ikaishia hapo. Shahada yangu yote haikunipa sentensi ya pili. Mwaka mzima na mtu yule, mwanangu, na nilikuwa nazijua namba zake tu.

Nikalazimika kwenda dukani.

"Karibu, Mwalimu," akasema Zuberi bila kuniangalia. "Mita ngapi?"

"Nimekuja kuuliza habari za Rusozi."

"Nilikwambia siku ya kwanza. Mtoto wa kwanza kati ya tisa. Mdogo wake alizama, akawa anaogopa maji."

"Sasa mbona alivuka?"

Hapo ndipo aliponiangalia. "Ulisema mtu wa Esperansi ana jeraha la mguu na homa, anaomba maji. Nani mwingine angekwenda? Mzee Filimoni alikuwa anapekua mifuko ya jitu."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, wahenga walisema. Nami siku hiyo nikawa nguruwe mwenyewe. Mtu alikuwa amekifuata kitu anachokiogopa kuliko vyote kwa ajili ya mgonjwa, mimi nikacheka, tena mbele ya watu.

Jumapili ilipofika Zuberi alikuja, lakini akakaa karibu na mlango, viatu havijavuliwa. Nikasimama nikasoma. Nilipofika pale niliposema marehemu aliogopa maji tangu utotoni, na alikufa akiyafuata ili mwenzake anywe, sauti ikanikatika. Namwonea haya mwalimu yule aliyesimama akimlilia mtu asiyekuwapo, ila nampenda kuliko yule aliyecheka. Mzee Filimoni akavua kofia. Esperansi akavuta kamasi.

Simu ya Zuberi ikaita. Mjomba wake alikuwa na sauti isiyohitaji simu.

"Uko wapi? Fungua duka, kuna mteja anataka majora."

Zuberi akaitazama karatasi mkononi mwangu. "Siji, mjomba. Niko msibani."

"Inna lillahi. Nani amefariki?"

"Rusozi."

"Simjui. Alikuwa mgonjwa?"

"Maji, mjomba. Alikuwa akimchotea mgonjwa."

"Mungu amrehemu. Basi kaa hapo hapo. Na uwapelekee wafiwa sukari."

Zuberi akavua viatu, akasogea mezani.

Jumapili iliyofuata alikuja na kilo mbili za sukari na karatasi mpya: dada yake Rusozi, kitinda mimba wa wale tisa, mwogeleaji. Nikanong'ona kwamba sukari hiyo tuirudishe. "Sukari ya msiba hairudishwi," akasema katekista, akasogeza kikombe. Mpaka leo mjomba akikutana nami huniuliza kama watoto wa Rusozi wanasoma. Sijapata ujasiri wa kumjibu.

Basi sikiliza, mwanangu. Sisemi wahusika wasife. Dadu isiyoweza kuua haiwezi kumfanya mtu shujaa. Ila kabla mwenzako hajairusha, mwambie kinachoweza kupotea, ili akubali au arudi nyuma. Mimi sikumwambia Zuberi. Dadu ikishasema, usiwe wa kwanza kucheka, na usiseme "haya, tuendelee". Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Muulize mzazi huyo mtu wake alikuwa anakwenda wapi, na umwachie yeye maneno ya mwisho. Weka jembe chini. Simba watasubiri, wa kwetu walisubiri wiki mbili na hawakulalamika. Halafu mwenye msiba mpe kiti, asibaki mlangoni.

Na huyo rafiki yako, usimtumie ujumbe. Nenda kwake kwa miguu, umuulize mhusika wake alizaliwa wapi.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kurusha dadu na ulimi mzito wa kusema "amekufa". Na siku utakayokosea kama mimi, maana utakosea, akujalie mzee wa kukukemea, na chai yenye sukari ya kutosha.