Waya wa Sauti na Ibada ya Jumatano

Jumatano nilikuwa Kawangware kwa fundi anayehamisha kanda za video kwenye kompyuta. Mama mmoja wa mtaa wa Kambi Muru alikuwa amerudisha sidii ya harusi yake, aliyotengenezewa hapo kutoka kwa kanda.

"Marehemu mamangu anafungua mdomo tu," akasema. "Sauti hakuna."

Fundi akakagua spika, akazima kompyuta, akaiwasha, mwishowe akailaumu kanda.

"Picha yake ninayo kwa ukuta," mama akasema. "Hapa nilileta sauti."

Kanisa la mabati la jirani likaanza nyimbo za ibada ya mchana. Kwa mazoea, fundi akanyoosha mkono nyuma ya deki inayocheza kanda achomoe waya wa sauti, asiwasumbue waumini. Mkono ukasimama.

"Hii niliihamisha Jumatano iliyopita, wakati wa ibada," akasema polepole.

Akauacha waya, akaanza kuihamisha kanda upya. Marehemu akasikika akimwambia mpiga picha, "Kijana, weka hiyo kamera chini ukule kwanza."

Mzee wa kanisa akaingia kutukanya kuhusu kelele. Alipomwona yule mama akilia, akavua kofia, akasikiliza mpaka mwisho.

Kanisa letu pia lina sauti kubwa. Jumapili nitauliza majirani wamezima nini kwa ajili yetu.