Kaburi la Babu Nyuma ya Karakana

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini pale Palma, kwetu Msumbiji, ni nani hajalalia kitanda nilichochonga mimi? Hata mabenchi ya kanisa letu ni mkono wangu. Kwa hiyo Kwaresima ile, gesi imeshaonekana baharini na wageni wamejaa, sikutegemea kufundishwa mema na mabaya kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Wapimaji wa barabara walikuja na vigingi vyao, kimoja wakakichomeka katikati ya karakana yangu. Nilishasikia kwamba kaburi hawalikati, hulizunguka. Nikarundika mawe nyuma, na waliporudi kesho yake nikavua kofia: "Shefe, mkubwa wangu, hapa amelala babu yangu." Vigingi vikahamia kwa jirani, mama mmoja mjane, ndani ya shamba lake la muhogo.

Padri alipokuja kuungamisha nilimweleza bila wasiwasi. Karakana ile inalisha wapwa zangu wote. Nia yangu safi.

"Nia peke yake haitoshi," akasema. "Kuna tendo lenyewe, na kuna mazingira yake. Ulitenda nini?"

"Nilisema neno tu, padri."

"Neno gani?"

"La uongo, lakini..."

"Kigingi kiko wapi sasa?"

"Kwa jirani."

"Basi nenda kaseme kweli, kisha urudi."

Yaani hakuniondolea dhambi! Nikatoka nimevimba. Pasaka hiyo inakuja, wenzangu watakwenda kupokea komunyo, na mimi, fundi mzima, nibaki nimeganda kwenye benchi nililolichonga mwenyewe.

Nilikuwa bado nimenuna pale mjane alipoingia na bakuli la unga.

"Fundi, umenitia aibu. Miaka yote babu yako kalala hapa, nami nakatiza na ndoo yangu bila hata salamu? Dini yake siyo yangu, lakini jirani ni jirani."

Akayaendea mawe, akainama kunyunyiza unga, kama wanavyosalimiwa wazee waliolala.

"Mama, acha."

"Niache kwa nini?"

"Hakuna mtu hapo. Babu tulimzika kwetu bara. Mawe niliyaweka mimi."

Akaurudisha unga bakulini, akajipangusa mikono taratibu.

"Kwa hiyo muhogo wangu ung'olewe kwa ajili ya mawe?"

"Ndiyo, mama."

"Kweli wewe fundi! Hata maiti unachonga. Haya, vaa viatu twende. Na utakayesema ni wewe, mimi nasikiliza."

Nikasema. Wapimaji wakacheka mpaka wakashikana mabega. Vigingi vikarudi, karakana ikavunjwa mbele ya macho yangu.

Nikamrudia padri, nikidhani angalau atanisifu. Akaniondolea, akanipa malipizi: Salamu Maria tatu. Tatu! Mtu nimepoteza karakana, napewa adhabu ya mtoto aliyelamba sukari. Nikamuuliza kama hana kubwa zaidi, inayomfaa mtu kama mimi.

"Kubwa umeshaifanya," akasema, akamwita anayefuata.

Nikazisali mbio mbio, nimekunja uso, na Pasaka ilipofika nikaenda kupanga mstari wa komunyo nyuma ya watoto.