Mama alimvalisha kaka shati la kanisani, afisa akasema hana ulemavu

Wakuu, habari za huku. Hii naiandika bila chumvi. Wivu ninao mpaka leo na sitauficha.

Ni miaka ya tisini, kwetu ni upande wa Shianda, watu wa miwa.

Kaka yangu Wesonga alikuwa mtu mzima wa ndevu. Alikuwa akirudia maneno ya wengine, na ukimwacha kidogo tu anakimbilia barabarani. Leo mnaita usonji. Kijijini walisema ni ukaidi.

Kwa hiyo mama hakutoka. Hata kibarua cha kukata miwa hakuweza, angemwachia nani?

Ikasikika afisa wa ustawi anakuja kwa chifu kuchagua watu wazima wenye ulemavu, wakajifunze kushona viatu Kakamega mjini, kulala na kula huko huko. Mama aliimba siku hiyo.

Sasa mnajua mama zetu. Mgeni wa serikali hapelekewi mtu mchafu. Akamwogesha Wesonga, akamnyoa, akampigia pasi shati la kanisani. Akamkaririsha majibu pia: salamu, jina, kijiji.

Jirani yetu, Mama Nekesa, hakujisumbua. Alimleta mwanawe Barasa, mwenye mguu wa polio, na matope yake ya shambani.

Afisa akauliza salamu, jina, kijiji. Kwa mpangilio ule ule. Wesonga akajibu yote, na mimi nikafurahi, imagine.

"Mama, huyu anaona, anasikia, anatembea, na anajibu," afisa akasema. "Sheria inataka yule mtu hawezi kujifanyia. Huyu ako sawa."

"Muulize kitu ingine," mama akasema.

Afisa alikuwa ameshamwita Barasa.

Barasa akachukuliwa. Krismasi akarudi amenenepa, na viatu alivyomshonea mama yake. Mama Nekesa alivivaa mpaka kisimani. Wakuu, nilivichukia vile viatu serious.

Na sikusema Barasa hakustahili. Nilitaka nasi tupate.

Nilichojifunza: ukienda kwa watu wanaopima kwa sheria, mpeleke ndugu yako alivyo Jumanne, si Jumapili.

Wenye ndugu wazima wa hivi, siku hizi maafisa wanaangalia nini? Nielezeni hapo chini.

Juzi Mama Nekesa alinipita sokoni, mzee sasa, anatembea polepole, mikono mitupu. Mama yangu sijawahi kumwona akitembea hivyo. Mkono mmoja huwa umeshika shati la Wesonga.