Fuvu kwenye Marobota ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuja Guangzhou kununua mzigo wake wa kwanza: marobota kumi na manne ya nguo za watoto za Idi, kutoka maduka ya jumla ya Zhanqian. Niliyahesabu mara mbili, naye akaudhika mara mbili.

Kontena tulichangia watu saba, na kila mmoja hupaka alama yake ili mizigo isichanganyike ikifika Dar. Sisi wengine tunatumia herufi. Yeye alitaka kitu cha kuwatisha wadokozi wa bandarini. Akanunua rangi nyeusi ya kupuliza, akakata kadibodi, na kabla sijamaliza chai yangu marobota yote yalikuwa na fuvu na mifupa miwili.

"Bendera ya maharamia," akaniambia. "Nani atagusa?"

Kweli hakugusa mtu. Wapakiaji wa ghala walirudi nyuma wakamwita laoban, yaani bosi wao, mama mwembamba asiyepandisha sauti. Akasema hiyo ni alama ya sumu, na sumu haipandi kontena lake. Mlango ungefungwa saa tisa mchana. Meli inayofuata ingefika Idi imeshapita, na gauni la Idi baada ya Idi ni tambara lenye vimetameta.

Bahati yake, bendera hizo nilikuwa nazijua kidogo. Niliwahi kumnunulia seti nzima mwenye mashua ya watalii, naye hakukubali kulipa mpaka aelezwe kila moja maana yake. Sikumlaumu. Nikamweleza shemeji kwamba ile nyeusi yenye fuvu ilikuwa bei ya kwanza tu: toeni mali kwa amani, tutawaacha hai. Wakikataa ndipo inapandishwa nyekundu, na hapo hakuna tena mazungumzo.

"Sasa wewe umempandishia mwenye ufunguo wa ghala," nikamwambia. "Shusha, shemeji."

"Nipandishe ipi?"

Ilikuwepo yenye saa ya mchanga, kuwaambia wenye meli kwamba muda wao unakwisha. Ni pembetatu mbili zinazogusana kwa ncha, na ukizijaza rangi zinafunika fuvu lote. Akapuliza akinung'unika. Laoban akarudi, akauliza ni nini tena hiki. Kwa Kichina changu cha sokoni nikamwambia mzigo huu una haraka. Hilo alilielewa. Akaagiza upakiwe mwisho, mlangoni kabisa, ili utoke wa kwanza.

Ulitoka wa kwanza. Siku tatu kabla ya Idi shemeji alikuwa amebakiwa na magauni mawili, yote ya binti yake. Akanipigia simu wakati mimi bado nasubiri mzigo wangu wa viatu vya shule, vilivyopakiwa asubuhi na mapema, kwa utaratibu, na hivyo kukaa nyuma ya mizigo ya watu wote. Alitaka kujua kama lile fuvu lake bado nalicheka.

Nikamwambia ndiyo, ila si kwa sauti.